Dashibodi, Simu, Soketi ya OBD au Nguzo za Kilomita: Kipi Kikuambie Spidi na Umbali wa Gari Lako?

Dereva anatoka Chalinze kuelekea Morogoro, mshale wa dashibodi umetulia kwenye 80, na simu iliyo kwenye kishikizo inamwonyesha 75 au 76. Akichomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kwenye soketi ya OBD, iliyo chini ya usukani, huenda kikasema 77. Abiria aliyekaa mbele akihesabu sekunde kutoka nguzo moja ya kilomita hadi nyingine, anaweza kupata namba ya nne. Gari ni moja, barabara ni moja, lakini majibu ni manne, na dereva anabaki hajui amwamini nani.

Wengi hujibu haraka kwamba dashibodi inadanganya na simu inasema kweli. Jibu hilo linapotosha, kwa sababu linafunga maswali matatu katika kifurushi kimoja. Kuna swali la kasi ya sasa hivi, lile linalomhusu askari wa usalama barabarani aliyesimama mbele na tochi yake ya kupimia mwendo. Kuna swali la kasi ya wastani katika kipande cha safari. Na kuna swali la umbali, ambalo ndilo linaloamua hesabu ya mafuta, siku ya kumwaga oili na bei ya gari linapouzwa. Mshale wa spidi na odomita, yaani kihesabu cha kilomita za gari, hukaa nyuma ya kioo kimoja, na katika magari mengi ya sasa hulishwa na taarifa za sensa (vihisi) zilezile, lakini havikosei kwa namna moja. Mtu aliyegundua kwamba mshale wake unazidisha kwa asilimia 5, kisha akapunguza asilimia 5 kwenye kilomita za odomita pia, huwa ameongeza kosa jipya juu ya lile la mwanzo.

Vigezo vya ulinganisho huu

Kila njia nitaiuliza mambo yaleyale. Kwanza, inapima nini hasa, maana chombo kinachohesabu mizunguko ya tairi hakipimi kitu kilekile kinachopimwa na chombo kinachosikiliza setilaiti. Pili, inaaminika kiasi gani kwa kasi. Tatu, inaaminika kiasi gani kwa umbali. Nne, ni kitu gani kinachoivuruga, hasa katika mazingira ya barabara zetu. Tano, inagharimu nini kwa fedha, muda na usalama. Mwisho nitasema inamfaa nani. Maelezo ya dashibodi yatakuwa marefu kuliko mengine, kwa kuwa ndicho chombo ambacho kila mwenye gari anacho na ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi.

1. Dashibodi: mshale na odomita

Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alisajili hataza ya kipimamwendo kilichotumia sumaku inayozunguka ndani ya kikombe cha metali nyepesi. Kebo kutoka kwenye giaboksi huzungusha sumaku, sumaku huvuta kikombe bila kukigusa, na springi ndogo hukizuia, hivyo mshale husimama pale ambapo mvuto na springi vinalingana. Magari mengi ya zamani, zikiwemo pikapu zinazopanda milima kila siku ya soko, bado yanatumia mfumo huo. Magari mapya yameondoa kebo. Sensa kwenye giaboksi au kwenye magurudumu huhesabu mizunguko na kuituma kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayousogeza mshale. Kwa vyovyote vile, kinachohesabiwa ni mzunguko, na mita hupatikana kwa kudhani kwamba tairi lina ukubwa fulani.

Mshale wa spidi hauwekwi katikati ya ukweli, nao haujaharibika kwa sababu hiyo. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inakataza kabisa mshale kuonyesha kasi iliyo chini ya kasi halisi, lakini inauruhusu kuizidi kwa asilimia 10 ya kasi halisi pamoja na kilomita 4 kwa saa. Maana yake ni kwamba gari linalokwenda 50 za kweli linaweza kuonyesha hadi 59, na linalokwenda 80 za kweli linaweza kuonyesha hadi 92, bila mtengenezaji kuwa amevunja kanuni. Ukiigeuza hesabu hiyo, mshale unaosema 80 unaweza kumaanisha kasi yoyote kuanzia takriban 69 hadi 80. Mtengenezaji anajua kwamba tairi jipya na tairi lililolika havilingani, na kwamba wateja hubadilisha matairi, kwa hiyo hujipa nafasi upande ule ambao hautamletea lawama.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo lisilotajwa vya kutosha. Magari yetu mengi hayatoki kiwandani moja kwa moja. Yanatoka Japani yakiwa yametumika, na ukaguzi wa Japani una kipimo chake. Gari huwekwa kwenye mashine ya kuzungushia matairi hadi mshale uonyeshe 40, kisha kasi halisi husomwa. Kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2007, kasi halisi inatakiwa iwe kati ya kilomita 30.9 na 42.5 kwa saa. Kwa yale yaliyotengenezwa kabla ya hapo, upande wa juu ulifika 44.4. Kwa hiyo gari la mwaka 2004 linaweza kuwa lilipita ukaguzi kihalali huku mshale wake ukionyesha kasi pungufu kuliko ile halisi. Kama kosa hilo litabaki na uwiano uleule kasi inapoongezeka, mshale wa 80 utakuwa unaficha kasi inayokaribia 89. Sisemi kwamba magari ya umri huo yote yako hivyo, maana mengi huzidisha kama wenzao. Ninachosema ni kwamba imani ya kuwa mshale kila mara huzidisha, na kwa hiyo dereva ana akiba ya bure ya kilomita 5, haiwezi kuchukuliwa kama dhamana katika gari kuukuu.

Odomita ina tabia nyingine. Haiongezewi ile akiba ya makusudi, bali huhesabu mizunguko na kuizidisha kwa mzingo wa tairi. Kosa lake kubwa hutoka kwenye tairi lenyewe. Chukua tairi la 195/65R15, linalotumika katika magari madogo mengi mitaani. Kipenyo chake kikiwa jipya ni karibu milimita 634. Meno yenye kina cha milimita 8 yakilika hadi yabaki milimita 1.6, kipenyo kinapungua kwa karibu milimita 13, sawa na asilimia 2. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, kwa hiyo gari lenye matairi yanayokaribia kuwa vipara hupandisha kilomita ambazo halikuzitembea, na mshale nao hupanda kidogo.

Matairi makubwa hufanya kinyume chake, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye Prado iliyotoka na 265/65R17 akiweka 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 3.4. Akipanda hadi 285/70R17, kinaongezeka kwa asilimia 7. Ikiwa mshale wake ulikuwa unazidisha kwa asilimia 4 kabla ya mabadiliko, sasa ukionyesha 80 gari litakuwa linakwenda zaidi ya 82. Odomita nayo itakuwa inapunja: kilomita 5,000 za kumwaga oili zitakuwa 5,350 za kweli. Upepo wa tairi, ambao watu wengi huulaumu kwanza, una athari ndogo mno kwa matairi ya kisasa ya rediali, kwa sababu mkanda wa nyuzi za chuma ulio ndani yake haurefuki wala haufupiki kwa urahisi.

Mambo mengine yanayovuruga dashibodi ni kebo kavu isiyo na grisi, ambayo huufanya mshale ucheze-cheze katika magari ya zamani, na matope ya masika, ambapo gurudumu linalozunguka papo hapo huhesabiwa kana kwamba gari limesonga. Gharama yake ni sifuri, iko mbele ya macho, na husomwa kwa kutupa jicho mara moja bila kushika chochote. Kwa hiyo inamfaa kila dereva kwa matumizi ya kila dakika, mradi ajue gari lake linakosea kuelekea upande gani na kwa kiasi gani. Kulijua hilo kunahitaji mojawapo ya njia tatu zinazofuata.

2. Simu yenye GPS, na vifaa vya kufuatilia gari

Simu haijui chochote kuhusu tairi lako. Inapokea mawimbi ya setilaiti zinazozunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 20,200, na ikizipata nne au zaidi inajua ilipo. Watu wengi hudhani kwamba kasi hupatikana kwa kugawa umbali wa nukta mbili kwa muda. Vipokezi vingi huitafuta kwa njia bora zaidi, kwa kupima jinsi masafa ya mawimbi ya setilaiti yanavyobadilika kutokana na mwendo, kama sauti ya king'ora inavyobadilika gari la wagonjwa linapokupita. Ndiyo maana simu inayoweza kukosea mahali ulipo kwa mita 5 bado inasema kasi yako kwa usahihi mkubwa. Katika anga wazi, gari likiwa na mwendo usiobadilika, kosa la kasi kwa kawaida ni chini ya kilomita 1 kwa saa.

Maneno "mwendo usiobadilika" yana uzito. Simu nyingi hupata kipimo kipya mara moja kwa sekunde, kisha programu hukisawazisha ili namba isirukeruke. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Ukikanyaga breki mbele ya kibao cha 50, mshale unashuka papo hapo wakati simu ingali inakuonyesha kasi uliyokuwa nayo kabla. Kwa hiyo simu ni hakimu mzuri wa kusahihishia mshale ukiwa kwenye barabara tambarare na nyoofu, lakini si chombo cha kutegemea unapopunguza mwendo kuingia kijijini.

Kwa umbali, sifa ya simu hupungua. Kwenye kona nyingi, kama zile za kupanda Lushoto, nukta zinazochukuliwa kila baada ya muda huunganishwa kwa mistari iliyonyooka, na kona hukatwa, hivyo umbali hupungua. Kwenye foleni hutokea kinyume, kwani gari limesimama lakini nukta inatangatanga mita chache huku na huku, na programu isiyochuja vizuri huongeza umbali ambao haukutembewa. Mteremko, kinyume na hofu ya wengi, si tatizo kubwa. Hata kama programu inahesabu mwendo wa usawa tu, mlima wenye mwinuko wa asilimia 10 huleta kosa la nusu ya asilimia moja.

Teknolojia hii ndiyo iliyo ndani ya vifaa vya kufuatilia magari, vikiwemo vile vinavyotumiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kusimamia mwendo wa mabasi ya mikoani nchini Tanzania. Hapa niseme jambo linaloniuma. Makampuni ya usafirishaji hulinganisha kilomita za kifaa cha setilaiti na kilomita za odomita, na zikitofautiana, dereva huulizwa mafuta yamekwenda wapi. Chukua lori lenye matairi ya 315/80R22.5, yenye kipenyo cha karibu milimita 1,075. Meno yakilika kwa milimita 12, kipenyo kinapungua kwa milimita 24, yaani zaidi ya asilimia 2, na odomita inazidisha kwa kiasi hichohicho. Kifaa cha setilaiti, kwa upande wake, kinaweza kupunguza kidogo kwenye kona. Tofauti ya asilimia 3 katika safari ya kilomita 900 ni kilomita 27, na kwa lori linalokwenda kilomita 2.5 kwa lita, hizo ni lita 11 za dizeli ambazo hakuna mtu aliyeziiba. Mwajiri anayekata mshahara kwa tofauti ya namna hiyo, kabla ya kupima matairi na kuuliza kifaa kinachukua nukta kila baada ya sekunde ngapi, anamwonea mtu.

Vurugu za simu ni majengo marefu, mapango ya maegesho, na vioo vyenye utando wa metali unaozuia mawimbi. Gharama ni ndogo kwa mwenye simu tayari, tena kupokea setilaiti hakuli bando. Kinachokula bando ni ramani, nayo unaweza kuipakua nyumbani kabla ya safari. Gharama yake ya kweli ni macho. Simu iwe kwenye kishikizo, iwashwe kabla ya kuondoka, na isishikwe njiani. Njia hii inamfaa anayetaka kujua kosa la mshale wake leo hii, anayeendesha gari lisilo lake, na yule ambaye mshale wake umekufa na bado hajafika kwa fundi.

3. Soketi ya OBD

Magari mengi yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2000 yana soketi yenye matundu 16 chini ya usukani, ileile ambayo fundi umeme huchomeka mashine yake taa ya injini ikiwaka. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo kuanzia yale ya mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Vifaa vidogo vinavyotuma taarifa hizo kwenye simu kwa bluetooth vinapatikana katika maduka ya vipuri, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi.

Kinachosomwa hapa ni kasi ambayo kompyuta inaijua kutoka kwenye sensa, kabla ya dashibodi kuongeza akiba yake. Ndiyo sababu namba hii mara nyingi huwa chini ya mshale na karibu zaidi na ya simu. Hutoka kama namba nzima kati ya 0 na 255, bila desimali, na katika gari lenye mawasiliano ya haraka huenda sambamba na mwendo kuliko simu inavyoweza. Lakini chimbuko lake bado ni mzunguko wa tairi. Ukiwa na matairi makubwa kuliko ya kiwandani, soketi itakosea kama odomita inavyokosea, na anayeichukulia kama shahidi huru dhidi ya dashibodi asahau: hao ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa umbali, wengi hutarajia makubwa na hawayapati. Usomaji wa odomita yenyewe kupitia mfumo wa kawaida wa OBD uliongezwa miaka ya karibuni, na magari mengi tunayoyaendesha hayaujibu. Hata hivyo, kuna namba moja ya thamani kwa mnunuzi, nayo ni umbali tangu kumbukumbu za makosa zifutwe, unaohesabiwa hadi kilomita 65,535. Odomita ikionyesha 48,000 na namba hii ikionyesha 61,000, muuzaji ana maelezo ya kutoa. Namba ikiwa ndogo, haithibitishi lolote, kwa sababu hurudi sifuri kila kumbukumbu zinapofutwa, na katika baadhi ya magari hata betri ikichomolewa. Kwa magari ya Japani ushahidi bora ni karatasi: cheti cha ukaguzi kilianza kuandikwa kilomita mwaka 2004, na namba hiyo huwekwa bega kwa bega na ya kwenye dashibodi. Ila kurudisha kilomita nyuma ni udanganyifu wa mtu na si kosa la chombo, na chombo sahihi kabisa hakiwezi kuuzuia.

Kinachovuruga njia hii ni umri wa gari. Magari kadhaa ya Kijapani ya miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000 yana soketi ya umbo lilelile lakini lugha yake si ya kawaida, na kifaa cha bei nafuu kitabaki kimya. Kifaa kikiachwa kimechomekwa kwenye gari lililoegeshwa kwa wiki kadhaa, kinaweza kunyonya betri. Kinamfaa mwenye gari anayependa kujua afya ya injini kwa jumla, ambaye kasi kwake ni faida ya ziada, na mnunuzi anayekagua gari kabla ya kulipa. Kukinunua kwa ajili ya kujua spidi peke yake, sioni sababu.

4. Nguzo za kilomita na saa

Hii ni njia kongwe, na kwa umbali ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Kwenye barabara kuu nyingi kuna nguzo au vibao vya kilomita, vyenye herufi ya mji na namba ya umbali. Huhitaji setilaiti wala sensa, maana umbali umeshapimwa na wahandisi na umesimama ardhini.

Kwa kasi, gawanya 3,600 kwa sekunde ulizotumia kumaliza kilomita moja. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa, na sekunde 72 ni kilomita 50. Ubaya wa kilomita moja ni kwamba kosa la sekunde moja ya kidole, ukiwa kwenye 80, ni karibu kilomita 2 kwa saa. Pima kilomita 5 badala ya moja: sekunde 225 ni 80 kamili, na sekunde moja ya kosa haifiki hata nusu ya kilomita kwa saa. Ila kinachopatikana ni wastani, na dereva anatakiwa aushikilie mshale mahali pamoja kwa dakika karibu nne, jambo linalowezekana katika sehemu tambarare kama zile za kati ya Mtito Andei na Voi, na lisilowezekana kwenye barabara yenye matuta kila kijiji.

Kwa umbali, matuta na kusimama havidhuru kitu. Rudisha kihesabu cha safari sifuri kwenye nguzo moja, kisome kwenye nguzo iliyo kilomita 20 mbele. Kikisema 20.4, odomita yako inazidisha kwa asilimia 2. Kwa kuwa kihesabu hicho huonyesha sehemu za mita mia tu, kipande cha kilomita 20 kinakupa uhakika wa nusu asilimia, na cha kilomita 50 uhakika ulio bora zaidi. Jambo la kuchunga ni nguzo zenyewe, kwani nyingine zimegongwa na magari, nyingine zimehamishwa na watu, na pale barabara iliponyooshwa upya namba za zamani hazikubadilishwa kila mahali. Pima vipande viwili au vitatu vilivyo mbalimbali, na kikiwepo kimoja kinachopingana na vyenzake, kiache.

Gharama yake ni abiria mmoja makini, kwa sababu dereva hapaswi kuhesabu sekunde huku akiendesha. Inamfaa mwenye gari anayetaka kujua mara moja kwa mwaka odomita yake iko wapi, mwenye biashara anayelipa au kulipwa kwa kilomita, na kila aliyebadilisha ukubwa wa matairi.

Mwongozo kwa kila hali

Kama shida yako ni faini na usalama wako mwenyewe katika maeneo ya kilomita 50, endelea kuutazama mshale, lakini upime kwanza kwa simu kwenye barabara nyoofu, ukiwa kwenye 50 na tena kwenye 80, kwa sababu kosa halilazimiki kuwa na uwiano mmoja kwenye kasi zote. Ukiona mshale uko juu ya simu, kosa liko upande wa salama na huna la kufanya. Ukiona uko chini ya simu, lichukulie kama hitilafu na uende kwa fundi, hasa kama gari ni la kabla ya 2007 au limewekewa matairi makubwa.

Kama unaendesha daladala, matatu au basi lenye kidhibiti mwendo, kumbuka kwamba baadhi ya vidhibiti huchukua taarifa kwenye sensa ya gari, na tairi la saizi nyingine hukibadilisha kikomo chenyewe bila mtu kukigusa. Hapo simu ndiyo itakayokuonyesha kwamba 80 ya kidhibiti imekuwa 84.

Kama unahesabu ulaji wa mafuta, achana na mshale kabisa. Jaza tenki, tembea, jaza tena, na utumie odomita iliyosahihishwa kwa nguzo. Kilomita 500 kwa lita 40 zinakupa 12.5 kwa lita, lakini ikiwa odomita inazidisha kwa asilimia 2, ukweli unakaribia 12.25, na tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu aisifu sheli moja na kuilaumu nyingine bila sababu.

Kama unasimamia magari ya kampuni, tumia kifaa cha setilaiti kwa kujua gari liko wapi na linakwenda kasi gani, na utumie odomita iliyopimwa kwa nguzo kwa hesabu za mafuta. Andika saizi na hali ya matairi kwenye kumbukumbu za kila gari, na tofauti ya hadi asilimia 3 baina ya vyombo hivyo viwili usiifanye kosa la dereva.

Kama unanunua gari lililotumika, usahihi wa odomita kwa asilimia 1 au 2 haupaswi kukusumbua, kwani gari la kilomita 100,000 na la 102,000 ni gari lilelile. Kinachokuhusu ni kama namba imeguswa, na hapo anza na karatasi za ukaguzi, kisha soketi, kisha uchakavu wa pedali na usukani. Na kama gari limetoka Uingereza, hakikisha kwanza namba iliyo mbele yako ni ya kilomita au ya maili: maili 100,000 ni kilomita 160,900, na mshale unaosimama kwenye 50 ya maili umekwishafika 80 ya vibao vyetu.